Mahali Mfereji Unapopinda

Kipande chenu kiko wapi?

Niliulizwa hivyo nikiwa darasa la pili, nimesimama ukingoni mwa mfereji na miguu mikavu, wakati wenzangu wote wako ndani ya maji hadi magotini wanang'oa mafunjo. Aliyeniuliza ni msichana tuliyekaa naye dawati moja. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu kujua nitaingilia wapi.

Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha mfereji, hatua ishirini kwa urefu, na kila mwaka kabla ya mvua za vuli kila nyumba ilishuka bondeni kukisafisha: baba na jembe, mama na nyengo ya kufyekea, watoto kwa mikono. Kipande kilikuwa cha babu aliyekichimba, kisha cha mwanawe, kisha cha mjukuu, kinarithiwa kama kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo. Kilianzia kwenye mlamula na kuishia kwenye mlamula, ule mti wenye majani marefu ambao kwetu hupandwa penye mpaka, mtu asije akasema hajui chake kinaishia wapi.

Sisi hatukuwa na kipande. Wasiokuwa nacho walikuwa wageni, watu waliohamia majuzi kutoka Karagwe au kwingineko. Lakini kibanja chetu kilikuwa cha zamani kuliko vyote kwenye mteremko ule. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, babu yangu alikuwa amelala chini ya mlamula wake, na baba yake babu pembeni. Hatukuwa wageni wa mtu.

Jioni hiyo nilimuuliza baba. Alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni anatafuna kahawa, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni yeyote akiingia kwetu hukaribishwa nazo. Taya lake lilisimama.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Tata."

"Basi usitumwe tena."

Akainuka, akaenda nje. Kahawa aliitema mlangoni. Sikuwahi kumwona akitema kahawa.

Ukienda pale leo utadhani mfereji ulichimbwa kwa ajili ya starehe. Jumapili baada ya misa vijana hujaa. Wanaegesha pikipiki chini ya mikaratusi, muziki unatoka kwenye simu, akina mama wanauza mahindi ya kuchoma, na maharusi kutoka Muleba mjini huletwa kupigwa picha kwenye daraja la magogo, bibi harusi kashika shela isidondoke majini. Wote huogelea sehemu moja. Mfereji wetu umenyooka tangu kwenye chemchemi za juu hadi unapoingia ziwani, isipokuwa mahali pamoja, ambapo unapinda ghafla kama kiwiko cha mkono kisha unarudi kwenye mstari wake. Pale kwenye kiwiko maji ni mapana, yametulia, na ni ya kina. Hata nilipokuwa mtoto ndipo walipoogelea. Nilikuwa nikiwasikia kutoka juu kwenye migomba, vicheko na mapigo ya maji, nami nimekumbatia mgomba kana kwamba mtu angekuja kunivuta.

Maana mama alikuwa ameshaniambia. Alinieleza kwa sauti ya chini, akichambua maharage: mtu wa nyumba hii akiingia katika maji yale, hatoki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hata yeye aliambiwa hivyo alipoolewa, na hakuambiwa zaidi. Kwa hiyo tulichota maji kwenye chemchemi ya mbali, ingawa mfereji ulipita chini ya migomba yetu. Baba alipokwenda sokoni Kagoma alizunguka kwa juu, karibu saa nzima zaidi, asipite kwenye lile daraja. Huyu ni mtu aliyeua swila kwa mpini wa jembe akaendelea kupalilia. Kumwona anauogopa mtaro wa maji kulinitia hofu ambayo hakuna hadithi ya mizimu ingeweza kunitia. Nilijiambia kwamba kama yeye anaogopa, basi kitu kipo.

Historia ya mfereji tuliijua kwa juu juu. Ulichimbwa enzi za Mwingereza, kwa amri iliyopitia kwa mkama, mfalme wetu, kukausha bonde lililokuwa limejaa mafunjo na mbu. Kila mlipa kodi alipimiwa hatua ishirini na kuambiwa asirudi shambani kwake hadi maji yapite. Wengine walichimba kwa wiki, wengine kwa miezi. Wimbo wa kuchimbia bado ulikuwepo, na shuleni tulifundishwa kuuimba kama wimbo wa furaha.

Nilipofika chuo kikuu, Dar es Salaam, nilijifunza kudai ushahidi. Nilikuwa nimeanza hata kabla, padre wetu ni shahidi, lakini kule nilipata wenzangu. Tulibishana kuhusu ukoloni, kuhusu Mungu, kuhusu nani anamtawala nani. Niliandika insha nzima nikithibitisha kwamba desturi ya vipande si desturi yetu hata kidogo, ni shokoa, kazi ya kulazimishwa, iliyovalishwa nguo za mila. Mwalimu aliipenda. Nilijiona nimepona. Nilisahau kwamba mtu anaweza kuandika insha kuhusu maji na bado asiingie ndani yake.

Niliporudi nyumbani likizo ya mwaka wa pili, uhuru ulikuwa umeshatimiza zaidi ya miaka kumi na ujamaa ulikuwa umefika kwetu kwa miguu yote miwili. Upande wa Kimwani, kwenye rweya, yaani ile mbuga ya nyasi isiyoota mgomba, kilikuwa kinapimwa kijiji kipya. Mwenyekiti wetu, mtu mnene mwenye sauti laini, aliitisha mkutano akaeleza. Bonde la mfereji litakuwa shamba la pamoja. Mfereji unahitaji watu wa kuutunza. Kwa hiyo nyumba zenye vipande zitabaki. Zisizo na vipande zitahamia kijiji kipya.

Watu walipiga makofi. Ilikuwa kanuni yenye akili, na mimi mwenyewe, kama isingekuwa nyumba yetu, ningeisifu. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevua kofia, anaitazama ardhi.

Baada ya mkutano mwenyekiti alinifuata.

"Wewe si ndiye msomi wetu? Serikali imekusomesha, sasa tusomeshe na sisi. Nataka orodha. Kipande cha kwanza hadi cha mwisho, nyumba kwa nyumba, na urefu wake. Bwana shamba atakushikia kamba."

"Na nyumba zisizo na kipande?"

"Hizo si utaziona zenyewe?" Alinitazama kidogo zaidi ya inavyofaa. "Andika unachokiona, mwanangu. Basi."

Usiku huo sikula. Ningeandika kwa mkono wangu mwenyewe orodha ya watu wanaobaki, na baba yangu hangekuwemo. Kibanja cha Mhaya hakihamishiki. Unaweza kubeba vyungu, unaweza kubeba mbuzi na hata mabati, lakini migomba iliyolishwa samadi tangu enzi za babu hubaki pale pale, na waliolala chini yake hubaki. Baba hakuwa kijana. Kwenye rweya angekufa kabla ya mgomba wa kwanza kuzaa.

Tulianza kupima Jumatatu. Bwana shamba alikuwa mtu wa Dodoma, mrefu, mcheshi, aliyelia kila akifikiria chakula chetu.

"Dada msomi, hivi nyie watu mnakula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni, halafu jioni hiyo hiyo mnazinywa?"

"Shika kamba, bwana shamba."

"Naishika. Ugali tu ndio nisioushika."

Nilicheka. Kamba ilikuwa ya katani, imefungwa fundo kila hatua tano. Mlamula hadi mlamula, mafundo manne. Mlamula hadi mlamula, mafundo manne. Wale wazee walikuwa wamepima vizuri. Hadi tulipofika kwenye kiwiko.

Kiwiko kilikuwa kipande cha jirani yetu wa chini, mjane ambaye kibanja chake kilipakana na chetu. Nilimjua maisha yangu yote. Alikuwa mwanamke mkavu, mchapakazi, asiyesalimiana sana na nyumba yetu wala kugombana nayo. Mumewe alishafariki, watoto walikuwa mjini Bukoba, na kila mwaka alikuwa akishuka peke yake kusafisha. Tulipima kipande chake. Mafundo manane. Na katikati ya milamula yake miwili palikuwa na wa tatu, mzee, mnene, umesimama pale pale mfereji unapopinda.

"Huyu bibi ana vipande viwili," bwana shamba alisema. "Alipewa cha pili na nani?"

Nilikuwa nahesabu vibanja kichwani. Kila kipande kilikuwa mkabala na kibanja cha mwenyewe, kwa mpangilio, bila kurukwa. Hatua ishirini za mjane zilikuwa mkabala na kibanja chake. Hatua ishirini za pili zilikuwa chini ya migomba yetu.

"Na hapa kwa nini wakapinda?" niliuliza. "Mzungu mwenye rula apindishe mfereji mahali pamoja tu?"

"Mwamba. Lazima kuna mwamba chini."

Alichukua nondo aliyokuwa akipimia kina, akaichoma ardhini karibu na ule mti. Ilizama kama kwenye uji. Akachoma pengine, ikazama. Alikuwa anainua mara ya tatu tuliposikia sauti juu yetu.

"Acha."

Mjane alikuwa amesimama kwenye migomba na jembe begani.

"Waitu, bibi, tunapima tu," nilisema.

"Kupima ni kwa kamba. Hicho chuma ni cha nini?"

Bwana shamba alificha nondo mgongoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mjane alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Baba yako anajua kwamba uko hapa?"

"Anajua."

"Hajui," alisema, akaondoka.

Alisema kweli. Baba alijua ninapima mfereji. Hakujua nimefika hapo.

Nilimweleza jioni, kabla taa haijawashwa, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu na nilitaka kumfurahisha. Nilimwambia kipande chetu kipo. Kipo chini ya migomba yetu, kati ya mlamula wa tatu na ule wa mwisho, hatua ishirini kamili. Babu alichimba kama wengine. Huenda baadaye alimwachia jirani kwa urafiki, lakini mti wa mpaka upo, na mti haudanganyi.

Nilitarajia atauliza maswali. Badala yake aliinuka. Mama aliacha kisu.

"Baba yangu hakuchimba," alisema.

"Basi nani alichimba?"

Alianza kuelekea chumbani.

"Tata, nani alichimba? Watatuhamisha. Unaelewa? Watatupeleka rweya. Nipe kitu cha kuwaambia!"

"Usiuguse ule mti," alisema. "Sema unachotaka kusema. Ule mti usiuguse."

Aliingia chumbani, tukamsikia akisali rozari kwa Kihaya, haraka haraka, bila kupumua kati ya salamu na salamu. Nilikaa nimeishika ile orodha. Niliamini kwamba mzee anaona aibu kwa sababu babu alikimbia kazi. Nilifikiri hofu yake yote ni aibu iliyozeeka. Hilo lilinipa ujasiri mdogo, wa aina ile anayokuwa nayo mtu asiyejua.

Mkutano wa pili ulifanyika kwenye uwanja wa shule, mchana. Nilisoma orodha, nyumba kwa nyumba, na kila niliyemtaja aliitikia "naam!" kwa furaha kana kwamba nimemgawia mimi. Nilipofika kwa mjane nilisoma, "Hatua ishirini." Kisha nikasoma nyumba yetu. "Hatua ishirini."

Kelele zilizuka.

"Msomi kajimegea!"

"Tangu lini? Tangu lini nyie mkaingia maji?"

"Huko Dar wanafundishwa hivyo, waache!"

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Nilieleza kuhusu mlamula wa tatu, kuhusu mafundo manane, kuhusu mpangilio wa vibanja. Bwana shamba alishuhudia urefu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, sikuitambua. Mwenyekiti aliinua mkono, akamgeukia mjane, aliyekuwa ameketi chini na miguu ameinyoosha mbele.

"Mama, binti anasema kweli? Nusu ya hicho ni cha nyumba yao?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nilielewa kwamba anamwogopa mwanamke huyu mkavu kuliko mwenyekiti, kuliko rweya, na sikujua kwa nini.

"Nimekisafisha tangu nilipoolewa," mjane alisema hatimaye. "Mgongo umechoka. Wapewe. Wakisafishe wenyewe."

"Kwa hiyo ni chao?"

"Nimesema wapewe."

Mwenyekiti alipenda mambo yaishe. Aliandika. Tukabaki.

Kabla ya mvua mwaka ule baba alishuka bondeni. Chuo kilikuwa hakijafunguliwa, nami nilikwenda naye. Ukingoni alivua viatu, akafanya ishara ya msalaba, akaweka mguu mmoja majini. Aliuacha humo muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake na hofu ya utotoni ilikuwa imerudi yote, insha na vitabu havikunisaidia kitu. Nilisubiri maji yamvute. Akaweka wa pili. Hakuna kilichotokea, ila alikuwa analia.

Alifyeka mafunjo kwa nyengo na kutoa tope kwa jembe kama watu wote. Lakini alipofika kwenye mlamula wa tatu aliweka jembe chini, akapiga magoti, akang'oa majani kuzunguka shina kwa vidole. Kisha alitoa buni mbili za kahawa mfukoni, akatafuna moja, na nyingine akaiweka kwenye mizizi.

Nikamkaripia. Nilikuwa na umri wa kumkaripia baba yangu, au nilidhani hivyo. Nilimwambia Mkatoliki mzima anaulisha mti kahawa, watu watatuona. Akanijibu kwa upole, bila kuinua kichwa: "Wewe hukumkaribisha. Acha mimi nimkaribishe." Nilidhani anazungumza na mti.

Alifanya hivyo kila mwaka hadi alipofariki, na hakuniambia kitu. Baada yake nimekuwa nikija likizo, nalipa vijana wanasafisha hatua zetu ishirini, mimi nikiwa nimesimama juu. Sikuwahi kuingia. Jumapili naketi kwenye migomba na kuwatazama wanavyojirusha kwenye kiwiko, wanapiga kelele, wanazamishana, wanaibuka na mafunjo kichwani. Kila mmoja akichelewa kuibuka nahesabu.

Mjane ndiye aliyeniambia. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, nimemletea sukari na sabuni kutoka Bukoba. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: bibi, siku ile mkutanoni ulikubali kwa nini?

"Ili baba yako aingie majini," alisema. "Nyumba yenu ilikuwa imemkimbia mkwe wangu miaka yote. Nilitaka mtu wenu amtunze hata kidogo."

Baba mkwe wake na babu yangu walikuwa ndugu wa kuchanjiana. Walikuwa wamegawana buni moja, kila mmoja kachovya nusu kwenye damu ya mwenzake akaimeza, na mtu aliyefanya hivyo hawezi kukuambia hapana. Zamu ya kuchimba ilipofika, babu yangu alijilaza ndani akasema anaumwa. Hakuwa anaumwa, alikuwa anaogopa kingo zile za tope. Ndugu yake alimaliza hatua zake mwenyewe, kisha akaanza za babu.

Ukingo uliporomoka siku ya tatu. Watu walichimba kumtafuta hadi msimamizi akakataza, kwa sababu maji yalikuwa yanasubiriwa. Hawakumpata. Ule mlamula wa tatu haukuwahi kuwa mpaka wa mtu, ulipandwa juu yake, kama ule ulio juu ya babu yangu nyuma ya nyumba yetu. Wachimbaji waliobaki walikataa kupitisha majembe pale, hata walipochapwa, na ndiyo maana mfereji unapinda.